Gitaa la Zamu

Okinyi nilimwuzia nusu ya gitaa. Nusu nyingine nilimwuzia Siraje saa hiyohiyo, mbele ya kaunta ileile, na mngeniuliza siku ile ningewaambia biashara imekwisha.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, Kampala ilipoanza kununua tena vitu visivyo vya lazima. Kwanza watu walinunua mabati na vitasa. Halafu magodoro. Halafu redio. Ukiona mtu anaingia dukani Kisenyi kuulizia gitaa la umeme, ujue ama mji umepona, ama yeye mwenyewe ni mgonjwa.

Gitaa lenyewe lilinijia pamoja na friji, pasi na meza ya kulia, mali ya Mzungu wa shirika la misaada aliyekuwa akihama. Alitaka kuuza kwa mkupuo, nikanunua kwa mkupuo. Lilikuwa gitaa la Kijapani, jekundu, limechubuka pale mkono unapolalia. Lilikuja na spika yake, sanduku zito la mbao lenye taa za kioo ndani, zile zinazowaka taratibu kama jiko la mafuta ya taa. Sote tuliliita sanduku.

Okinyi alikuwa Mjaluo wa upande wa Kenya, kutoka Ugenya. Alivuka Busia akiwa kijana, akaanza kwa kubeba magunia Kikuubo, na kwa kuwa alijua kusoma na hakuwa na mkono mrefu, tajiri mmoja wa vyombo vya plastiki akamkabidhi ghala. Alikaa Namuwongo, kule chini karibu na reli, na mkewe Loice na mtoto wao Oduor. Jumapili alipiga gitaa la mbao la kanisa. Vidole alikuwa navyo, hilo halina ubishi. Ila jicho lake halikukaa kwenye vidole vyake, lilikaa kwenye vidole vya mwenzake. Mwenzake wa ghala la pili akipewa kufuli jipya, Okinyi aliuliza kwa nini. Akipewa yeye kufuli jipya, aliuliza kwa nini la mwenzake lina funguo nyingi zaidi.

Siraje alikuwa Mnubi, kwao Bombo, fundi wa breki katika gereji iliyo nyuma ya duka langu. Gitaa alifundishwa na wajomba zake waliokuwa wapigaji katika bendi ya polisi. Mtu wa mzaha, hana haraka, hata ukimtukana humaliza kwanza anachotafuna.

Wawili hawa walikuja siku moja kulitaka gitaa, na hakuna aliyeweza peke yake. Mimi siweki mali kwa ahadi. Nikawaambia walinunue pamoja, washike kwa zamu.

"Hajati," Siraje akasema, "unataka wanaume wawili tuoe mke mmoja?"

"Hapana. Bwana ni gitaa. Nyinyi ndio wake wenza."

Siraje akacheka hadi akashika kaunta. Baba yake alikuwa na nyumba mbili, kwa hiyo mambo ya zamu aliyajua tangu utotoni. Alipanga yeye: wiki kwa wiki, makabidhiano Ijumaa baada ya swala, dukani kwangu, mbele ya macho yangu. Okinyi hakucheka. Alisema kwao mke mwenza anaitwa nyieka, na kwamba neno hilo na neno la wivu ni watoto wa mama mmoja. Mimi nilikuwa naandika risiti, sikumtilia maanani.

Likabaki sanduku. Kulibeba kila wiki hadi Namuwongo na kulirudisha kungemvunja mtu mgongo, na umeme wa kule ulikuwa wa kubahatisha. Wakakubaliana likae gerejini kwa Siraje, na Okinyi aje kulitumia jioni yoyote akipenda. "Sanduku tu hilo," Okinyi akasema. "Mimi nataka gitaa." Nyumbani alichomeka gitaa kwenye redio kaseti yake.

Ijumaa za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha Ijumaa moja Okinyi akalipokea gitaa, akaliinamia, akalinusa kama mtu anayenusa maziwa.

"Linanuka nini hili?"

"Udi," Siraje akamjibu. "Rukiah huchoma Alhamisi. Sasa mke wangu aache kuchoma udi kwa ajili yako?"

"Gitaa si nguo."

"Na likitoka kwako linanuka dagaa wenu wa omena. Nimesema kitu?"

Ndipo nilipomwona Okinyi ameanza kuumwa. Maana Siraje alijua kutunza chombo. Kila akimaliza kupiga alifuta nyuzi kwa kitambaa kikavu, jasho lisizile. Nyuzi nene zikifa sauti alizichemsha kwenye maji yenye magadi kidogo, akazikausha, zikalia tena kama mpya kwa siku kadhaa. Kule juu, kwenye mifereji nyuzi zinamopita kuelekea masikio ya kuzikazia, alipaka unga wa penseli ili zisikwame. Kila Ijumaa gitaa lilirudi kwa Okinyi na jambo jipya lililofanywa vizuri, na Okinyi alilipokea jambo hilo kama mwanamke anayemwona mumewe amerudi kutoka nyumba ya pili na shati lililopigwa pasi.

Siku alipofungua mfuniko wa nyuma akakuta ndani kumebandikwa karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, alilileta dukani akiwa amelikumbatia, na haikuwa hata Ijumaa.

"Hajati, ona! Gitaa nalompigia Mungu, ndani limejaa sigara!"

Nikamwita Siraje kutoka gerejini. Akaja na mikono yenye grisi.

"Sigara walivuta wajomba," akasema. "Gitaa limevaa karatasi tu. Ile nzzz ya taa za tyubu bado unaisikia?"

"Siisikii."

"Basi na Mungu haisikii. Akushukuru wewe, mimi sina haja."

Okinyi akaenda kuzibandua karatasi zote. Jumapili gitaa, limechomekwa kwenye redio kaseti yake, likanguruma kanisani kama nyuki kwenye debe, na Ijumaa lilipofika kwa Siraje karatasi zilikuwa zimerudi mahali pake, zimebandikwa upya, pembe zikiwa zimenyooka kuliko mwanzo. Siraje alinikonyeza tu.

Naye Okinyi akatafuta lake la kufanya. Alibadilisha vifundo vya sauti, akaweka vyeupe vya redio ya zamani. Siraje akavisifu. Sifa zile zikamuudhi kuliko tusi. Akaweka nyuzi nene, akisema nyembamba ni za watoto. Siraje akapiga wiki nzima kwa nyuzi nene, na Okinyi alipopita gerejini jioni akamkuta anapiga, gitaa linatiririka, mafundi wameacha kazi. Alisimama nyuma ya lori lililoinuliwa jeki, akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila salamu. Mimi nilimwona kwa sababu mlango wangu wa nyuma unatazama hukohuko.

"Likiwa kwake linaimba," aliniambia kesho yake. "Likija kwangu linasoma."

"Njoo ulipigie kwenye sanduku hapa jioni. Mlikubaliana."

"Nipige pale, wamfananishe na mimi?"

Hakuja hata jioni moja.

Wakati huo dada yake Aluoch, aliyekuwa mshonaji palepale Namuwongo, alichumbiwa. Harusi ikapangwa, basi zima la watu likatazamiwa kutoka Ugenya, na Aluoch akasema hataki bendi ya kukodi, kaka yake atampigia. Kwa Okinyi hiyo ilikuwa siku moja ambayo kwao wangemwona yeye, si mtunza ghala wa mtu. Tangu hapo hakuzungumza jingine. Wimbo wa kumtoa bibi harusi alikuwa ameutunga mwenyewe, na aliupigia vidole hewani hata akiwa anahesabu mabeseni.

Mvua zikaanza, na nyuzi zikapanda.

Nieleze kwa wasiojua. Ndani ya shingo ya gitaa la umeme kuna nondo nyembamba. Ukiikaza kwa spana ndogo ya pembe sita shingo inanyooka, ukiilegeza inapinda mbele. Ikipinda mbele nyuzi zinakaa juu, kuzikandamiza kunaumiza vidole. Ikinyooka kupita kiasi nyuzi zinagusa vyuma vya shingo na kukwaruza. Okinyi alianza kulipokea gitaa Ijumaa likiwa sawa, na kufika Jumatatu nyuzi zimepanda. Akaikaza nondo. Likienda kwa Siraje, kufika Jumatatu linakwaruza. Siraje akailegeza. Wiki baada ya wiki, mmoja anakaza, mwingine analegeza, na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayeliharibu. Siraje aliamini hivyo akacheka. Okinyi aliamini hivyo akaacha kula.

"Analilegeza makusudi," akanong'ona kwenye kaunta yangu. "Anajua harusi inakuja. Anataka niaibike mbele ya watu wa kwetu."

"Amekuambia?"

"Mtu huambiwa?"

Mkewe Loice ndiye aliyeniletea ukweli, siku alipokuja kununua pasi. Mwanamke yule ni Mluhya wa Busia, anajua kununua. Alinipa habari za nyumbani kwake mpaka nikasahau nimefikia bei gani.

"Hajati, nilimwambia: baba Oduor, mlango wa nyumba yetu mvua ikinyesha unavimba, unausukuma kwa bega. Kiangazi unafunguka kwa kidole. Sasa huyo Siraje wako anakuja usiku kuuchezea na mlango? Sisi tunakaa kwenye maji. Yeye anakaa nyuma ya tanuri la mkate. Mbao ni mbao."

"Akasemaje?"

"Akasema mlango hauna wivu."

Nikacheka, na kwa kicheko hicho akanitoa bei ya mwisho aliyoitaka.

Mwenye akili angelitundika gitaa ukuta wa ndani, mbali na mabati yanayotoa jasho, akaiacha nondo. Lakini kulikubali hilo kungemlazimu Okinyi akubali pia kwamba Siraje hana kosa, na hasira ile alikuwa ameilisha muda mrefu, hakuweza kuitupa. Kisha akagundua jambo lililomzidi kabisa: Jumamosi ya harusi iliangukia zamu ya Siraje.

"Mwombe mbadilishane," nikamwambia. "Atakupa."

"Najua atanipa! Atanipa huku anacheka. Halafu harusi ya dada yangu iwe sadaka ya Siraje." Akapiga kaunta kwa kiganja. "Tugawane. Basi. Kila mtu ashike chake."

Ijumaa hiyo wakakutana mbele yangu. Sisi wa sokoni mali ya shirika ikivunjika tuna njia moja: mmoja anagawa mafungu mawili, mwingine anachagua. Anayegawa hawezi kupunja, kwa maana punje atakayopunja itamrudia mwenyewe.

"Agawe yeye," Siraje akasema. Alikuwa na karanga mkononi. "Nikigawa mimi atasema nimeroga."

Vitu vyote vikawekwa sakafuni, Siraje akalisukuma na sanduku kutoka gerejini. Okinyi akachutama. Kwanza aliweka gitaa na mfuko wake upande mmoja, sanduku upande wa pili. Akamtazama Siraje. Siraje anatafuna. Okinyi akaona fungu la gitaa linavutia mno; akatoa mfuko, akaupeleka kwa sanduku. Akamtazama tena. Akatoa waya wa kuchomekea, akaupeleka. Akatoa nyuzi za akiba. Akatoa kile kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti, ambacho alikinunua mwenyewe. Akafungua hata mkanda wa begani, ule wenye udi, akautupa huko. Mwisho akatoa spana mfukoni, akaiweka juu ya sanduku.

"Banange, jamani," Siraje akasema. "Umemvua bwana harusi mpaka suruali."

"Chagua."

Gitaa lilikuwa limelala pale sakafuni peke yake. Okinyi jasho lilikuwa linamtiririka kwenye shavu. Mimi nimeshaona mtu akisubiri hukumu, na sura yake ilikuwa hiyohiyo.

"Nachukua sanduku," Siraje akasema, na karanga hata hajaimeza.

Okinyi akalinyakua gitaa, akalibana kifuani. Amelipata. Harusi ni yake, wimbo ni wake, hakuna kuomba wala kushukuru. Nikasubiri atabasamu. Badala yake akakunja uso.

"Kwa nini umechagua upesi hivyo?"

"Umesema nichague."

"Hukufikiri hata kidogo. Kuna kitu unajua."

"Najua Bombo kwa wajomba kuna magitaa yametundikwa tu, kuku wanayalalia. Kitu cha kuyafanya yaseme ndicho hatuna."

Okinyi akalitazama sanduku kana kwamba lilikuwa limeingia dukani dakika ile.

"Tugawe tena."

"Kwangu hapa mali haigawiwi mara mbili," nikasema. "Nenda na bwana wako."

Usiku ule, Loice aliniambia baadaye, alichomeka gitaa kwenye redio kaseti kwa waya wa kuazima, akaongeza sauti mpaka mwisho. Redio ikapiga chafya. Kwa watu wa chumba kimoja ingetosha. Kwa basi zima la Ugenya, waliokaa uwanjani chini ya turubai, pamoja na majirani wa mtaa, ingekuwa kama mtu anayeimba ndani ya sufuria lililofunikwa.

"Kaombe sanduku," Loice akamwambia.

"Bora nipige zeze."

Basi Loice hakumwomba ruhusa. Alipanda hadi Kisenyi, akaingia kwa Rukiah, wakanywa chai, wakayamaliza. Wanawake wale hawakuwa na zamu ya kitu chochote, kwa hiyo walielewana.

Jumamosi Siraje alishuka Namuwongo kwa pikapu ya gereji, amevaa kanzu nyeupe, sanduku nyuma limefungwa kwa kamba. Okinyi alitoka na suti yake, gitaa mkononi, akasimama.

"Nani amekuita?"

"Mke mwenza anakuja harusini bila kuitwa," Siraje akasema. "Ila tuelewane, ssebo. Gitaa ni lako, hapo siweki mkono. Sanduku ni langu, vifundo vyake nageuza mimi. Wewe piga. Mimi nitaketi juu ya mali yangu."

Watu wa Ugenya walikuwa wanatazama. Okinyi akachomeka waya.

Mimi nilikuwapo, nilimpelekea Aluoch beseni na birika. Nimesikia vyombo vya muziki vya kila namna, vingi nikiwa navitafutia kasoro ili nishushe bei, na nasema kwamba siku ile sikupata kasoro. Zile taa za kioo zikawa zimepata moto, nyuzi za Okinyi zikatoka laini, zina uzito, wimbo ukapanda juu ya turubai ukavuka reli. Wazee wa Ugenya waliinuka wenyewe. Aluoch alitoka ndani akitembea kwa kuyumba kidogo, machozi yamemharibia poda.

Lakini Okinyi alikuwa amewapa mgongo. Tangu mpigo wa kwanza aligeuka kulitazama sanduku, macho yamegandia mkono wa kulia wa Siraje, uliokuwa umepumzika karibu na vifundo. Mkono ukisogea, bega la Okinyi linaruka. Waliokuja kumtunza walitaka kumbandika noti kwenye paji la uso kama desturi, wakalikosa paji, wakambandika kisogoni. Hakuhisi. Alipiga wimbo mzima hivyo, beti zote, bila kumwona bibi harusi akipita nyuma yake.

Ulipokwisha, watu wakapiga vigelegele. Siraje akasimama juu ya sanduku akapiga makofi. "Mke mwenza! Leo umeniua!"

"Umeshusha ile sauti ya chini, ubeti wa pili," Okinyi akasema.

"Sikugusa kitu."

"Nimeuona mkono."

"Nilikuwa najikuna, bwana! Mbu wa kwenu!"

Aluoch akaja kumkumbatia kaka yake kwa nyuma, kwa kuwa ndiko alikokuwa amempata. Akambandua noti moja shingoni. "Kaka, umenipigia vizuri hadi nimelia," akasema. "Lakini uso wako sijauona leo. Umependeza?"

Okinyi akageuka, akamtazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha akatazama tena nyuma, kwa sababu Siraje alikuwa anachomoa waya.

Jumatatu alikuwa wa kwanza dukani kwangu. Alitaka sanduku. Nilikuwa nayo mawili, moja likiwa kubwa kuliko lile na limetumika kidogo. Nikalichomeka, akalipiga kwa gitaa lake jekundu, akatikisa kichwa. Nikachomeka la pili. Akatikisa.

"Si sauti ile."

"Ile ni ya Siraje."

"Anaiuza?"

"Sijasikia."

"Ukisikia, Hajati, niambie mimi kwanza. Kabla ya mtu mwingine yeyote."

"Nitakuambia," nikasema, na nilikuwa na maana hiyo. Kisha, alipopotea kwenye kona, nikatoka kwa mlango wa nyuma kwenda gerejini kumweleza Siraje namna sanduku lake linavyotamaniwa, asije siku moja akaliachia kwa bei ya kutupa.